Imelda wa Simu na Picha ya Meneja

Ukifika Kwenkobe ukauliza kiburi ni nini, watu hawatakutafutia maneno. Watakuambia nenda kamwangalie Imelda wa simu. Mimi nimefanya kazi na Imelda miaka kumi na minne na nasema wanamsingizia. Mwenye kiburi hujiona, na Imelda hakuwa na muda wa kujiona. Alikuwa mbishi, basi, na ubishi wake aliutumia mahali ulipohitajika. Nayaandika haya kwa sababu siku hizi wapo wanaosimulia habari ya simu za mabanda kana kwamba meneja ndiye aliyetumia busara, na kila nikiisikia namna hiyo hata chai hainipiti kooni.

Naitwa Yassir. Kwetu ni Mgwashi, ila tangu mwaka tisini na sita nilikuwa karani wa mizani katika shamba la chai la Kwenkobe, banda la nne. Banda ni paa la bati juu ya nguzo, mizani inaning'inia katikati. Wachumaji huleta majani mgongoni, karani huyapima, kisha trela la trekta huja kuyabeba kwenda kiwandani. Mabanda yalikuwa tisa, yametawanyika kwenye mikunjo ya milima, na langu ndilo lililokuwa mbali kuliko yote. Kutoka kwangu hadi kiwandani, penye ofisi na zahanati, ni kilomita tisa za udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hata mbuzi anafikiri mara mbili. Hata simu za mkononi zilipokuja kujaa Lushoto mjini, bondeni kwetu hazikushika kitu. Aliyetaka kumpigia ndugu yake Jumapili alipanda mlima nusu saa mpaka penye jiwe kubwa, akasimama juu yake akiinua mkono.

Imelda alizaliwa hapohapo shambani, kwenye kambi ya wafanyakazi. Baba yake, Benedikto, alikuja kuchuma chai akitokea Njombe, akasema atakaa msimu mmoja, akakaa mpaka akazikwa. Imelda alisali na Wakatoliki wenzake Jumapili, na siku sita zilizobaki aligombana na sisi kwa Kishambaa. Kishambaa chake kilikuwa kikali kuliko cha mama yangu. Alimaliza darasa la saba, akaajiriwa kufagia ofisi. Siku moja opereta wa simu alishikwa na malaria. Imelda akaegemeza ufagio ukutani, akakaa kwenye kiti cha swichibodi, na hakuna aliyeweza kumtoa tena.

Simu zile zilikuwa za kukoroga kwa mkono, na waya mmoja wa shaba ulipita mabanda yote tisa. Ukitaka kuzungumza, unainua na kusikiliza kwanza. Kuna mtu? Unarudisha chini, unangoja kidogo, unainua tena. Wawili wakianza kusema kwa pamoja walisikia kelele tu, wote wakaweka chini, na aliyengoja muda mfupi zaidi ndiye aliyeipata laini. Imelda alikuwa juu ya wote. Akisikia sauti ya mtu anayetetemeka, aliingia katikati ya mazungumzo ya yeyote, awe bwana shamba au mhasibu, akasema, "Tokeni kwenye laini, banda la sita lina mgonjwa." Walitoka. Shamba lilikuwa la serikali wakati huo, na mkubwa aliyekatizwa aliweza kununa wiki nzima, lakini laini alikuwa ameshaiacha.

Halafu ukaja ubinafsishaji. Shamba liliuzwa mwaka tisini na nane. Wenye mali wapya walipunguza watu, wakapaka kiwanda rangi, wakatubandikia ukutani maneno mazuri kuhusu ufanisi. Waya wa shaba ukaanza kuibiwa, nguzo hadi nguzo, ukaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kampuni haikurudisha hata futi moja. Kwa miaka mitano mabanda yalikuwa bubu. Habari ilibebwa na dereva wa trekta, akikumbuka. Imelda alibakizwa ofisini kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua kila faili liko wapi, akapewa kompyuta, akaijua kwa ubishi uleule.

Mwaka elfu mbili na saba tuliletewa meneja mpya, Sefania. Sitamwonea: hakuwa mtu wa matusi, mishahara ilitoka kwa wakati, na shati lake lilinyooka hata siku za matope. Ila alipenda kuona. Alitaka kila kinachotendeka shambani akione kwa macho yake akiwa amekaa. Ndipo akaagiza mtandao usiotumia waya. Mlingoti ulisimamishwa juu ya kiwanda, kila banda likapata kisanduku chenye antena, betri ya jua na simu yake. Na kiwandani zikafungwa kamera tatu, getini, kwenye ghorofa la kunyaushia majani na chumba cha kuchambulia, ili picha zake zifike kwenye kioo cha kompyuta nyumbani kwa meneja, kule kilimani. Wiki hiyohiyo alibandika tangazo kila banda, lenye sahihi yake: ni marufuku kupima majani kabla ya kutoa taarifa kiwandani kwa simu. Alidhani sisi makarani tunaiba kilo.

Fundi aliyeyafunga hayo yote aliitwa Kassimu, kijana mchangamfu kutoka Tanga. Siku ya mwisho alikaa na Imelda ofisini amkabidhi kazi.

"Hewa ni moja, dada," alimweleza. "Akisema mmoja, wengine wote wananyamaza. Kila kifaa kinasikiliza kwanza, kinangoja kidogo, ndipo kinasema."

"Hiyo ni laini yetu ya zamani," Imelda alisema.

"Ndiyo hiyohiyo. Ila hapa unaweza kupanga nani angoje kidogo na nani angoje sana. Ziko foleni nne. Ya kwanza ni ya sauti, maana sauti ikicheleweshwa inaharibika. Ya pili ni ya picha. Ya tatu ni barua na mambo ya kawaida. Ya nne ni mizigo isiyo na haraka. Wewe niambie tu kifaa gani kikae foleni gani."

Hapo ndipo Imelda alipokosea, na kosa lile ni letu sote, si lake peke yake. Huku kwetu tumelelewa kwamba mkubwa hatanguliwi. Mtoto akimpita mzee njiani bila shikamoo anarudishwa nyumbani akivutwa sikio. Enzi za waya, Imelda alisikia kwa masikio yake nani ana shida, akaamua palepale. Sasa aliwekewa karatasi tupu akaambiwa apange kabla shida haijatokea, na karatasi haina sauti ya mtu anayetetemeka. Hakuuliza kinachobebwa ni nini. Aliuliza mkubwa ni nani. Akaandika meneja na vyombo vyote vya meneja, kamera zikiwemo. Kisha Mzee Danieli, mhasibu. Kisha bwana shamba. Kisha fundi mkuu wa kiwanda. Hao wote aliwaweka foleni ya kwanza. Mabanda akayaweka ya nne, kwa sababu makarani wa mabanda tulikuwa wadogo. Ungemwambia amtangulize Yassir mbele ya Mzee Danieli na mvi zake, angekuuliza umelelewa na nani. Kassimu alikuwa na basi la kuwahi. Akayaingiza kama yalivyoandikwa, akampa Imelda neno la siri na kitabu cha maelekezo, akaondoka.

Karibu mwaka mzima hatukujua kama kuna kosa. Simu zilikwaruza, tukalaumu mawingu. Tulizoea kupiga mara mbili tatu ndipo kiwanda kisikie uzito wa majani, na nani analalamikia kukariri kilo?

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, masika imeshika, saa nne asubuhi, trela lililojaa liliteleza kwenye mteremko wa banda langu likarudi kinyumenyume. Lilimbana Elinuru kwenye nguzo, mguu wa kulia, chini ya goti. Elinuru alikuwa mchumaji, mama wa watoto wawili, mtu wa kuimba kazini mpaka wengine wakamwomba apumzike. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu. Tulilisukuma trela, nikamfunga kwa kanga yake mwenyewe, nikakimbilia simu.

Nesi Hadija wa zahanati aliipokea. Nilijua ni yeye kwa namna alivyoguna. Nikasema, "Nesi, leta gari banda la nne, mtu kavunjika." Kutoka kwake nikasikia kipande cha neno, kimya, kipande kingine. Nikarudia kwa kupaza sauti, kana kwamba kupaza sauti kungesaidia. Simu ikakatika. Nilipiga mara sita. Yeye naye, alikuja kuniambia baadaye, alinipigia mara nne, akasikia kitu kama bati linalokunwa. Alijua kuna jambo lakini hakujua ni nini wala ni banda gani.

Basi nilikimbia. Kilomita tisa, kwenye matope, nimevaa mabuti ya mpira, nikayavua njiani nikaenda pekupeku. Gari la zahanati lilimfikia Elinuru saa sita na nusu. Hospitalini daktari alisema kama angefika mapema kidogo wangeuokoa ule mguu. Waliukata siku hiyohiyo.

Unataka kujua hewa ya Kwenkobe ilikuwa na shughuli gani saa nne ile? Ilikuwa imebeba picha ya ghorofa la kunyaushia. Majani yamelala, wanawake wawili wanayageuza, hakuna anayeiba kitu. Picha safi kabisa. Nikiikumbuka mpaka leo mikono inaniwasha.

Kesho yake Imelda alikuja bandani kwangu kwa miguu. Alisimama kwenye nguzo, akatazama udongo, kisha akaniambia bila kuzunguka, "Yassir, mimi ndiye niliyekuweka foleni ya nne." Akanieleza yote, orodha, foleni, kila kitu. Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii dada yake. Kutoka hapo alikwenda hospitali, akamweleza Elinuru vilevile, akilia. Elinuru alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kulia hakunirudishii kitu, mama. Nenda karekebishe, asije akangoja mwingine."

Imelda alirudi na neno hilo. Akafungua kile kitabu cha Kassimu, cha Kiingereza kuanzia jalada hadi jalada, akakaa nacho na kamusi ya shule ya mwanawe. Akaziondoa kamera na kompyuta zote foleni ya kwanza, akaweka humo simu peke yake, simu zote, ya meneja na ya banda sawasawa. Kisha akanipigia.

"Hesabu mpaka ishirini, polepole."

Nilihesabu, wachumaji wakinicheka.

"Nimekosa saba," alisema, "na kumi na mbili mpaka kumi na tano. Kaa hapohapo."

Siku ya kwanza nilihesabu mara thelathini. Aligundua kwamba kamera, hata ikiwa nyuma, ikishaipata hewa inaishikilia muda mrefu, kama mtu anayeinua simu ya pamoja na kuanza kumsomea mwenzake barua nzima. Akatafuta mahali pa kuwekea kikomo cha kushika hewa, akakifupisha. Siku ya pili alizipa simu za mabanda muda mfupi kabisa wa kungoja, karibu na sifuri, akafurahi, na nikihesabu peke yangu zilifika zote ishirini. Lakini alipotuambia mabanda matatu tuhesabu kwa pamoja, sote tulipotea. Hatungoji, kwa hiyo tunagongana.

"Yaleyale ya laini ya shaba," alisema, na nilisikia anacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Wote mkiinua upesi mno, hapati mtu." Akaturefushia kidogo, kila mmoja apate nafasi ya kupishana na mwenzake. Kila badiliko aliliandika kwenye daftari, na saa, na namba zilizopotea. Siku ya nne mabanda tisa tulihesabu kwa pamoja, mvua inapiga bati, kamera zote tatu zinafanya kazi. Aliniambia, "Umefika ishirini. Wote mmefika." Nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Akasema nisimsumbue, ana kazi.

Wiki haikuisha, meneja akamwita. Haya nayaandika kama alivyonieleza Mzee Danieli, ambaye meza yake ipo mlango wa pili na masikio yake hayana mvi.

"Imelda, picha yangu inasimama."

"Inasimama sekunde mbili, Meneja, mabanda yakipiga simu. Halafu inaendelea."

"Sekunde mbili zinatosha mtu kuficha gunia."

"Mwenye uwezo wa kuficha gunia kwa sekunde mbili usimfukuze, Meneja. Mpandishe cheo."

Meneja hakucheka. "Rudisha kama ilivyokuwa."

"Sirudishi."

"Ile orodha si uliiandika wewe mwenyewe?"

"Niliiandika. Na mguu wa Elinuru ni kama niliukata mwenyewe. Mara moja inanitosha."

"Ile ilikuwa ajali ya trela. Usiichanganye na mambo ya kompyuta. Mtandao huu ni mali ya kampuni."

"Ni mali ya kampuni, sikatai. Tafuta mkono mwingine wa kampuni uurudishe. Wangu haurudishi."

Kisha meneja akamwambia Imelda aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Imelda akachukua daftari lake na mwavuli. Alipopita kwa Mzee Danieli alimuaga kwa heshima zote, akaenda.

Meneja hakuwa na neno la siri, wala hakutaka kuliomba. Alichukua sindano, akaichoma kwenye kitundu cha kufutia mipangilio, nyuma ya kisanduku kikuu cha kiwandani, mpaka taa zikazimika, kisanduku kikasahau kila kitu. Kamera, ambazo zilikuwa palepale kiwandani, aliweza kuziunganisha upya kwa kuelekezwa na mtu wa mjini. Mabanda hakujisumbua nayo. Siku hiyo jioni niliinua simu nikasikia kimya cha kaburini. Picha ya meneja, naambiwa, ilikuwa haijawahi kuwa nzuri hivyo.

Niliona hasira mpaka nikaona aibu. Aibu kwamba niliuacha ubishi wote awe nao mwanamke mmoja. Usiku mzima niligeuka kitandani, na asubuhi nilipofika bandani jambo la kwanza nililoliona lilikuwa lile tangazo la meneja, sahihi yake imepauka kidogo kwa jua. Nililisoma mara mbili. Kisha nikampa dereva wa trekta ujumbe awafikishie makarani wenzangu wanane: kesho tusome tangazo.

Kesho yake, mizani tisa zilifungwa kamba juu kwenye paa. Hatukugoma. Hilo liandikwe vizuri, maana ndilo wanalolipotosha: hatukugoma. Tulimtii meneja. Marufuku kupima kabla ya kutoa taarifa kwa simu, na simu hatuna. Wachumaji walijua fika kwamba majani yasipopimwa siku yao imepotea, kwa hiyo niliwauliza kwanza. Mama mmoja wa makamo, mwenzake Elinuru wa mstari mmoja, alilibwaga gunia lake chini, akalikalia, akasema kwa Kishambaa kwamba leo hana haraka. Wengine wakakaa.

Sasa, asiyejua chai aelewe jambo moja. Jani likishachumwa linataka kufika kiwandani upesi. Ukiliacha limebanwa kwenye gunia linapata joto, linageuka jekundu, na jani jekundu ni takataka. Saa tano kasoro gari la meneja lilikuwa linapanda kwetu likiunguruma. Makarani wenzangu, washenzi wale, kila alikosimama walimwambia akamuulize Yassir.

"Shikamoo, Meneja."

"Marahaba. Pima majani."

"Simu haifanyi kazi, Meneja."

"Nakuamuru upime."

Nikamwonyesha tangazo kwa kidole. Alilisoma lote, kama vile aliliandika mtu mwingine. Kisha akaingiza mkono kwenye gunia la yule mama, akautoa upesi kwa joto. Hapo uso wake ulibadilika.

"Panda gari," aliniambia. "Twende kwa dada yako."

Imelda alikuwa uani kwake kambini, ungo magotini, akichambua maharage. Alimkaribisha meneja vizuri, akampa kigoda, maana ubishi si ukosefu wa adabu. Meneja hakukaa. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye milango, kila mmoja na kazi ya kujisingizia.

"Nimekuja kukurudisha kazini," meneja alisema.

"Ahsante. Nani atatangulia?"

"Tutazungumza ofisini."

"Ofisini tulishazungumza." Akatupa punje mbovu pembeni, kuku akaiwahi.

"Imelda, majani yanaungua. Mabanda tisa. Unajua maana yake?"

"Nimezaliwa kwenye chai, Meneja. Najua. Nani atatangulia?"

Meneja alinitazama mimi, akatazama majirani, akatazama viatu vyake. Nilimwonea huruma kidogo, ikapita. "Mabanda," alisema.

"Sijasikia vizuri."

"Mabanda yatatangulia. Simu kwanza, picha baadaye. Sitaigusa tena. Haya, twende."

Mimi nilikuwa nimeshageuka kuelekea garini. Nikasikia Imelda ananiita.

"Yassir, majani yako yamekaa muda gani kwenye magunia?"

Nilihesabu haraka. "Kama saa mbili, dada."

"Elinuru alikaa saa mbili na nusu," Imelda alisema. "Kaa, Meneja. Bado nusu saa."

Sefania akakaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, shati lake limenyooka. Imelda akaendelea na maharage yake. Kila dakika nilijua kwamba kule banda la nne majani ya watu wangu yanaharibika, na kwamba hakuna hata mmoja wao angetaka ifupishwe. Meneja aliitazama saa yake mara nyingi mwanzoni. Baadaye aliacha, akawa anautazama mguu wake.

Nusu saa ilipotimia Imelda aliweka ungo chini, akanawa mikono, akachukua daftari, akaingia garini, kiti cha mbele.